Kikohozi cha Taarifa ya Habari

Msomaji wa habari wa redio ya serikali alikuwa na sauti nzito kama ngoma, na kila karatasi aliyomaliza kuisoma aliikunja taratibu kama leso. Taarifa zilitoka wizarani, naye hakubadilisha hata nukta. Ila akifika penye uongo, koo lilimkereketa, akakohoa. Wasikilizaji walishamzoea. Akisema bei ya unga imeshuka, kisha akikohoa, wateja kwa kinyozi walivunjika mbavu. Mkewe alimwonya, "Baba watoto, hicho kikohozi kitatutia matatani."

Kweli, jioni moja afisa wa wizara aliingia studio, akavuta kiti, akakaa mkabala naye. "Mzee wangu, leo ukikohoa, kazi huna."

"Sawa, mkuu."

Akasoma kwamba maji yamerudi mitaa yote. Koo likawasha, machozi yakamlengalenga, akajikaza kisabuni mpaka nukta ya mwisho. Hakukohoa. Aliyekohoa ni afisa, ambaye asubuhi hiyo alitoka kwake bila kuoga. Alikohoa mpaka kiti kikalia.

"Pole, mkuu," msomaji akamwambia kwa upole, na nchi nzima ikasikia.