Raba za Paskalina

Kabla hujasoma zaidi, niahidi kwamba hili halitatoka kwako. Mimi niliapishwa na bibi yangu, ameshika sikio langu, nikaahidi vizuri kabisa. Bibi amelala zamani kule kijijini Daudi, na yule aliyehusika na siri hii amelala pia, tena kaburi la pili kutoka kwake. Basi nitasema taratibu wasisikie.

Nilipokuwa mtoto, nyumba zote za mteremko wetu zilichota maji kwenye chemchemi moja. Tuliambiwa maji yale yana wenyewe. Unasimama juu ya jiwe, unachota, unaondoka. Ukitia mguu ndani, wenye maji watakula vidole vyako polepole, na usipotengwa watahamia kwa wenzako. Tulikuwa Wakristo, Jumapili tunaimba hadi koo linakauka, lakini sikuwahi kumwona mtu akitia mguu pale, hata katekista.

Mwaka huo mvua ilikaa sana. Dada yangu Paskalina alikuwa amechumbiwa na kijana wa Maretadu, naye kijana akamletea raba nyeupe kutoka mnadani. Dada alizivaa zizini, shambani, kwenye tope, kila mahali, kwa sababu zilitoka kwake. Haikuchukua muda, ngozi katikati ya vidole ikawa nyeupe kama ya mtu aliyeshinda akifua, ikapasuka, ikanuka. Alijikuna mpaka akalia.

Aliyeona kwanza ni mama mkubwa Roza, mke wa kaka yake baba. Nyumba yake na yetu zilitumia uwanja mmoja.

"Huyu amekanyaga maji," alisema mbele ya akina mama waliokuwa wakipukuchua mahindi. "Sisemi kwa ubaya. Nasema tu asichote pamoja na watoto wetu."

Dada akatengwa. Alipewa kibuyu chake na sahani yake. Hakupeana mkono na mtu, hakupita karibu na chemchemi, maji nilimchotea mimi. Kanisani alisimama nje, dirishani. Wazee wa Maretadu wakatuma neno: watakuja mahindi yakishaingia ghalani, na wakimkuta bado ametengwa, kijana wao atatafutiwa mwingine.

Bibi hakubishana na mtu. Kila asubuhi alichemsha maji ya chumvi, akayaacha yapoe kidogo, akayamimina kwenye karai nyuma ya nyumba. Dada aliloweka miguu, akajifuta kwa kitambaa, kisha bibi akampaka utomvu wa mshubiri kati ya vidole. Kitunguu saumu alikijaribu mara moja tu, kikamwunguza, akakiacha. Ngozi ilianza kufunga. Halafu ikafunguka tena. Ikafunga, ikafunguka.

"Wenye maji hawajaridhika," mama mkubwa akasema, akitikisa kichwa kwa huruma. Huruma yake ilisikika mpaka ng'ambo ya bonde.

Nakumbuka dada alimwuliza bibi, "Labda kweli nilikanyaga?"

"Ulikanyaga?"

"Sikumbuki."

"Basi hukukanyaga. Maji yale yana baridi ambayo mguu hausahau."

Asubuhi moja bibi aliziokota zile raba ukutani, zilikoanikwa. Dada hakuwa amezivaa tangu jana yake, lakini ndani zilikuwa na unyevu, na kisigino kimelazwa, kama kimekanyagwa na mguu mpana kuliko wa mwenyewe. Akashika kitambaa. Nacho kilikuwa kibichi, na dada alikuwa bado kitandani. Hapo ndipo sikio langu liliposhikwa.

"Umevaa wewe?"

"Hapana, bibi. Zinanipwaya."

Kuanzia siku hiyo dada alioshwa ndani, kwenye beseni jipya, kwa kitambaa kilichochemshwa. Baada ya hapo alikaa juu ya ngozi ya ng'ombe, miguu mitupu, vidole vimetanuliwa juani kama vitu vinavyouzwa. Marufuku kuvaa raba. Lakini lile karai la nyuma ya nyumba liliendelea kuwekwa maji ya dawa kila asubuhi, na raba zikabaki kando yake.

"Usimwambie mtu," bibi akasema. "Hata mama yako. La sivyo wenye maji wataanza na ulimi wako."

Mjukuu wangu alirudi juzi kutoka shule ya bweni, vidole vimeoza vilevile. Anasema ni fangasi, na duka la dawa walimpa tyubu ya kupaka. Nikamwambia apake, ila asiazimane viatu na akaushe kati ya vidole. Akacheka, "Bibi, wewe umesomea wapi?" Nilikuwa namkumbuka dada amesimama nje ya dirisha la kanisa, anaimba na sisi. Hakuna dawa niliyoiona ya kutibu kutengwa kule. Na siku hizi namfikiria mama mkubwa pia, kuliko nilivyodhani ningemfikiria. Alikuwa ameshasema kwa sauti kubwa mno adhabu ya miguu ya namna ile. Alipoiona kwake mwenyewe, angeenda kwa nani?

Basi mahindi yalipoingia ghalani, wazee wa Maretadu walikuja mchana, uwanja umejaa watu. Asubuhi hiyo bibi hakuweka dawa. Alisubiri wageni wakae, wasalimiwe, wapewe togwa, ndipo akaenda nyuma na sufuria, akarudi mikono mitupu. Mama mkubwa akanyanyuka akisema anaenda kutazama chungu cha makande.

"Tunaomba kuiona miguu ya binti," mzee wao akasema.

"Shikamoo zenu nimezipokea, na miguu mtaiona," bibi akasema. "Kwanza njooni muione dawa, msije mkasema tumemwagua kwa uganga."

Akatangulia. Tukamfuata wote, wageni, katekista, akina mama, na dada Paskalina nyuma yao, miguu mitupu, safi, akikanyaga vumbi kama mtu anayelijaribu.

Mama mkubwa Roza alikuwa amekaa kwenye kigoda cha kukamulia, miguu yote ndani ya karai, kitambaa begani. Ngozi kati ya vidole vyake ilikuwa nyeupe, imepasuka. Mzee wa Maretadu akavua kofia, akaangalia chini.

"Mama," akasema kwa upole, "na wewe ulikanyaga lini?"

Mama mkubwa akasimama kwa haraka, maji yakamwagika. Akatafuta kitu cha kuficha miguu. Zile raba zilikuwa pale kando. Akaiingiza miguu ndani, bila kuinama, bila hata kutazama, na visigino vya raba vikalala vyenyewe.