Winchi Iliyokuwa Ng'ambo ya Shimo

Nimehama miji mingi tangu nilipoacha kazi ya redio katika polisi ya Nakuru, lakini nikipita upande wa Elmenteita lazima nisimame kidogo. Naipenda nchi ile. Sijui kwa nini, maana ndiko nilikoona mtu akifa huku msaada ukimtazama.

Zilikuwa siku za Hali ya Hatari, wakati wa vita vya Mau Mau. Si mbali na Kariandusi, katika machimbo madogo ya udongo mweupe, ukuta uliporomoka ukamfunika mchimbaji mmoja hadi kifuani. Gogo la kuzuia ukuta lilimlalia mapajani. Tulifika kwa Landrova, mimi, askari mmoja na inspekta wetu Mzungu. Majembe hayakufaa, kila tulipochimba, udongo ulishuka tena. Ilitakiwa winchi ya kuvuta lile gogo.

Winchi tuliiona. Ilikuwa kwenye lori la jeshi, limesimama ukingoni ng'ambo ya shimo, likilinda barabara. Lakini redio yangu ilisikika Nakuru tu, na yao ilisikika kambini kwao tu. Inspekta akamtuma askari mbio. Akarudi akihema.

"Afande, sajini wao anasema hapokei amri ya polisi. Amri yake inatoka kwa redio yake."

Basi nikaita Nakuru, ili Nakuru wapige simu kambini, kambi nayo iliite lori. Tukangoja. Sajini, Mzungu naye, tulimwona akila mkate. Inspekta angeweza kwenda mwenyewe. Aliwasha kiko.

"Mimi simbembelezi sajini," alisema.

Ndugu mkubwa wa yule mchimbaji alikuwa amepiga magoti, akimpangusa vumbi machoni.

"Umekuwa mweupe hivi, watakuja mbio wakidhani ni mwenzao."

"Basi wewe ni boi wangu. Boi, lete maji!" Mchimbaji akacheka, akakohoa. "Usinichekeshe, ndugu. Kifua."

Baadaye akauliza kama winchi bado iko mbali. Ndugu yake alitazama ng'ambo.

"Iko njiani," akasema.

Lori liliposhuka, hakuwa akiuliza tena. Gogo lilitoka kwa mvuto mmoja. Ndugu yake akaomba mwili upakiwe lorini, kwa kuwa kulikuwa na nafasi.

"Maiti ni kazi ya polisi," sajini alisema, akikunja waya wake.

Tukamlaza nyuma ya Landrova, miguu ikitokeza nje, na ndugu yake akapakata kichwa kisigonge chuma hadi Nakuru.