Kiti Kinachotazama Picha

Kinyozi wa Usagara hukigeuza kiti taratibu, mteja akajikuta anatazama picha alizochora Kombo, kijana mchoraji wa mtaani, badala ya kioo. Wembe ukiwa shingoni, nani atageuka? "Nenda nayo nyumbani, sheikh," humwambia kwa sauti ya kubembeleza. "Ukiizoea, Ijumaa uilipie." Ijumaa moja Kombo alingoja kibarazani kwa kinyozi na kifurushi cha nguo, keshaamua kwamba picha yake ya mwisho ikirudishwa, anakwenda kukata mkonge. Kuli aliyeichukua akaja mikono mitupu, akatoa shilingi. "Mke wangu kaitundika juu ya kitanda. Kasema nikiitoa, nitoke nayo." Wembe ukasita hewani. Kinyozi akapangusa vidole vyake vyembamba, akampa Kombo zile shilingi zote. "Kanunue rangi, mwanangu. Mkonge una wakataji wengi."