Leo mama amecheka kabla yangu

Leo mama amenitangulia kucheka kwenye sinema. Mliokulia nyumba kama yetu mmeshaelewa.

Wengine, ngojeni.

Tangu tufike huku ugenini Louisville, mimi ndiye mkalimani wa nyumbani. Ukumbi ukicheka, mama ananigeukia: "Amesema nini?" Namtafsiria. Anacheka peke yake, wenzake wameshanyamaza.

Bon. Leo hapa mtaani kwetu Beechmont wameonyesha filamu ya zamani isiyo na sauti, ya maisha ya kweli. Familia ya wakulima inahama. Kamera imetulia mbele ya nyumba yao, haisogei hata kidogo.

Linatoka godoro. Inatoka sufuria. Anatoka mbuzi, amegoma.

Kisha hakitoki kitu tena.

Yakaja maandishi ya Kiingereza, nikamnong'oneza mama: "Wanasema nyumba imebaki tupu."

"Bado," akasema kwa sauti. "Na mlango je?" Akaanza kucheka.

Watu wakageuka. Jamani, aibu! Nikamshika mkono anyamaze.

Donc, picha inarudi pale pale. Kamera inangoja tu. Baba wa familia anarudi, anaung'oa mlango, anajitwika kichwani, anaondoka.

Watu wakavunjika mbavu.

Yule mpiga picha nampa heshima zote! Alituwekea mlango mbele ya macho muda wote, na hatukuuona.

Mama aliuona. Kule kwetu Kivu, ukihama ukaacha mlango, umeacha nusu ya nyumba.

Ndugu zangu mlio ugenini Columbus na Buffalo, mama zenu wanacheka lini?

Wangu, tulipopanda basi, ameniuliza: "Mbona ulichelewa kucheka? Nikutafsirie?"