Shaabani Kwenye Sinia la Watoto

Juzi jirani yangu aliweka sinema ya kuchekesha. Mwanamume mzima kahamia na baba yake kwa mama wa kambo, anagombania baiskeli na watoto wa yule mama. Watu walicheka mpaka machozi. Mimi nilitazama tu.

Kwetu Ngamiani mtu huyo aliitwa Shaabani. Mama alipoolewa na Mzee Hamadi, mwanawe Shaabani alikuja naye, ndevu tele, kazi hana. Hakula na wanaume barazani. Alikaa kwenye sinia la watoto, pamoja na mimi na mdogo wangu Mwanaidi, nami nikadhani anatupenda.

Mchana ule wali wa nazi ulinukia mpaka uchochoroni. Shaabani akaiga mbuzi wa jirani, tukacheka. Tulipotulia, samaki amebaki miiba. Mwanaidi alilia.

“Mama, Kaka Shaabani kamaliza kitoweo.”

Shaabani naye akalia, machozi ya kweli. “Baba, watoto hawa hawanitaki.”

Mzee Hamadi alimgeukia mama. “Mwanangu hana pa kwenda. Wako wana bibi yao Tongoni.”

Mama aliendelea kusugua sufuria kwa mchanga. Watu humlaumu Shaabani kwa sisi kuhamishwa. Mimi namtaja Mzee Hamadi, na mama namtaja pia.

Nilifunga nguo zetu kwa furaha, nikidhani tunakwenda Tongoni kutembea siku mbili. Shaabani alikuwa bado analia kwa kwikwi mlangoni. Nikamuuliza mama kama nimwachie mto wangu, anyamaze.

“Mwachie, mwanangu,” mama akasema.