Kamba ya Nguo za Mama Mkwe

Mama mkwe wangu alipoanza kushindwa kujizuia, haja ndogo na kubwa, alikubali nimfulie kwa sharti moja: chupi zake zisionekane na mtu. Na hapa kijijini kwetu Bweni mtu hupiga hodi miguu ikiwa imeshafika uani. Basi nikawa nazianika kama tulivyofundwa sote, kamba ya nyuma, juu yake nimezifunika kanga.

Kufua kwenyewe sikuona taabu. Navaa glavu, uchafu nautupa chooni, nasuuza kwenye ndoo yake peke yake, naloweka kwa dawa ya madoa, halafu ndiyo sabuni na maji ya moto. Nasuuza tena mara tatu mpaka harufu iishe kabisa, maana ndizo anazoswalia. Nikivua glavu nanawa mikono kwa sabuni. Nilijiona fundi hasa.

Lakini mapaja yakamchubuka, hata kukaa akawa hawezi. Muuguzi wa zahanati akaniuliza nguo zinakaukia wapi. Nilipomwambia, akacheka.

"Chini ya kanga? Hizo hazikauki, dada, zinavunda. Zianike zipigwe jua."

Niliona haya, kisha nikakasirika. Usafi wote ule nilikuwa nauharibu mwenyewe kwa kanga moja.

Mama mkwe alikataa katakata. Tukanuniana siku mbili. Siku ya tatu maumivu yalimzidi, akasema, "Haya, anika. Lakini na mimi unilaze hapo hapo nizilinde."

Nikamtandikia mkeka na godoro, nikampa fimbo ya kufukuzia kuku. Chupi nane, peupe. Wiki hazikuwa nyingi ngozi ikapona, akaweza kukaa, na ulimi nao ukarudi: akawa ananitania kwamba nimefungua duka la mitumba. Nilifurahi sana kutaniwa.

Asubuhi moja akaingia shoga yake wa tangu utotoni, bibi ambaye mdomo wake Bweni nzima inauogopa. Nikakimbilia kamba nizianue.

"Ziache," mama akasema, huku akiivuta fimbo karibu.

Shoga yake akazitazama zote nane. Hakucheka. Akakaa mkekani, akauvuta ushungi mpaka mdomoni, akaniuliza kwa sauti ndogo, "Mwanangu, hiyo dawa ya madoa unatia kiasi gani?"

Mama akamshika mkono, akamwambia, "Atakuonyesha. Ila kwanza ondoa hiyo kanga uliyofunikia zako huko kwako."