Nilimuuliza mjomba wa Alabama kura yake, nikakaribia kuvunja mahari ya watu hapa Brussels

Wakuu, heshima kwenu nyote, wa nyumbani na wa ughaibuni.

Haya nimeyaona kwa macho yangu, na sehemu kubwa ya aibu iliyomo ni yangu mwenyewe, kwa hiyo sina sababu ya kuongeza chumvi. Nilichobadili ni majina tu.

Mimi ni mtu wa Songea, nasoma masters ya siasa hapa Brussels. Nimepanga chumba mtaa wa Ixelles kwa mama mmoja Mkongomani wa Bukavu, tumwite Maman Nabintu. Kazi yake ni kuhudumia wazee majumbani kwao. Ukikaa kwake umekuwa mtoto wake, unalishwa na unafokewa kama wengine.

Thesis yangu inahusu Wamarekani, jinsi kipato na eneo vinavyoelekeza kura zao. Kwa wasiofuatilia, wenzetu wana vyama viwili vikubwa, kimoja alama yake tembo na kingine punda. Nitaviita hivyo hivyo.

Chapter ya kwanza niliiandika kwa mbwembwe. Nikachukua ramani. Majimbo mengi maskini ya kusini, Tembo. Majimbo tajiri ya pwani, Punda. Nikahitimisha kwamba maskini wa Marekani anapigia Tembo na tajiri anapigia Punda, kazi imeisha.

Supervisor akairudisha na swali moja pembeni: umewauliza watu, au umeiuliza ramani?

Nikanuna wiki nzima. Kwani sisi nyumbani hatusomi siasa hivyo hivyo? Mkoa huu ngome ya hawa, mkoa ule ngome ya wale. Mtu akitaja kwao tu, kichwani ushamvalisha kofia ya chama.

Sasa Mungu si Athumani, Wamarekani wakaja wenyewe mpaka nyumbani.

Neema, binti wa Maman, alikuwa anatolewa mahari, wao wanaita la dot. Katika ukoo wao mahari haipokelewi mpaka wajomba wa binti wakae pamoja mbele ya upande wa mume, na kila mmoja aseme kwa mdomo wake kwamba amekubali. Mmoja akikosekana, wageni wanarudi na vitu vyao.

Wajomba ni wawili, Tonton Déo na mdogo wake Tonton Bahati. Walichukuliwa kambi ya wakimbizi zamani wakapelekwa Alabama, na sasa ni raia wa Marekani. Déo ana malori yake na madereva wa kuajiri. Bahati yuko kwenye kiwanda cha kuku, anakata mapaja kutwa nzima kwenye baridi.

Walifika Ijumaa. Saa kumi jioni tuko mezani, fufu na sombe, yaani kisamvu, kila mtu anacheka. Mimi kimbelembele nikaleta laptop.

Nikawaonesha ramani. Nikasema, "Tonton Bahati, wewe wa kiwandani bila shaka ni Tembo kama jimbo lako. Tonton Déo, wewe mwenye malori utakuwa Punda. Nimepatia?"

Neema akanikanyaga mguu chini ya meza, lakini maji yalikuwa yameshamwagika.

Déo akacheka. "Wapi, mutoto. Mimi njo Tembo. Niko na entreprise, nalipa kodi mingi, na kanisa yangu bote beko huko."

Bahati akaweka kijiko chini. Alimtazama kaka yake kama mtu aliyekutana naye stendi.

"Weye, Déo? Weye ulivotia bale?"

"Na weye?"

"Muke yangu aligonjwa, tukakosa assurance ya matibabu, nikalala na deni ya hôpital. Nivotie nani kama si Punda?"

Hapo ndipo nilipoelewa nilichokifanya. Wakuu, hawa watu wamekaa Alabama miaka yote hiyo, mtaa mmoja, na hawakuwahi kuulizana.

Maneno yakapanda. Déo akasema mtu akijituma hahitaji kubebwa. Bahati akasimama, akavaa koti. "Kesho utakaa peke yako," akamwambia kaka yake, akatoka.

Maman Nabintu hakunifokea, na hilo ndilo lililoniumiza. Alisema kwa sauti ya chini, "Mutoto yangu, hapa kwangu hatuulizake muntu iko upande gani. Tulikimbia kwetu sababu batu balikuwa banauliza ile."

Mdomo uliponza kichwa, wahenga hawakukosea. Mimi nimekulia kwenye siasa za kanga, fulana na ngoma uwanjani. Haikuwahi kunijia akilini kwamba kuna watu ambao swali hilo liliwafukuza nyumbani. Neema alikuwa anaosha vyombo huku machozi yanamtoka, na gauni lake la kesho limening'inia mlangoni.

Nikamfuata Bahati. Nilimkuta uwanja wa Flagey, kwenye benchi karibu na mabwawa, anaangalia bata. Nikamwomba radhi, nikakaa.

Akasema, "Unajua siku ya kuvoter nani alinipeleka? Ni Déo. Kila mara. Mimi sina motokari. Tunaenda mu camion yake moja, tunapanga mstari moja, tunarudia kwake kula. Kura yake inaua yangu, yangu inaua yake. Na mafuta ni yake."



Nikamuuliza kwa upole kama ndugu zao wengine huko nao wamegawanyika. Akasema dada yao mdogo, Esther, ni mfamasia Massachusetts, jimbo la matajiri.

"Esther iko na feza kama Déo. Lakini kule kwabo, mwenye feza na mwenye hana banavote karibu sawa. Mama mwenye anamusafishiaka nyumba anavote kama Esther. Sisi kwetu Alabama, feza njo inatukata kati."

Soma tena hapo. Mkata kuku, kwenye benchi, kwa pumzi moja, amesema kitu ambacho mimi na ramani yangu tulishindwa kukiona miezi sita.

Niliporudi nikafungua upya zile data za mtu mmoja mmoja nilizokuwa nimeziruka. Ni kweli. Jimbo tajiri linaweza kuwa la Punda, lakini kwa miaka mingi, ndani ya jimbo lile lile, mwenye kipato kikubwa ndiye aliyeelekea zaidi kwa Tembo. Na pengo hilo ni pana zaidi kwenye majimbo maskini kuliko kwenye tajiri. Nisiwadanganye, kuna rangi, kanisa na elimu, na miaka ya karibuni mambo yameanza kugeuka. Lakini nilikaa mbele ya ile michoro mdomo wazi. Nchi inasema hivi, na watu waliomo ndani yake wanasema vingine, na wote ni wakweli. Ukistaajabu ya Musa utayaona ya Firauni.

Jumamosi, ukumbi wa parokia umejaa. Upande wa mume umefika na vitenge, na mbuzi wao wa kwenye bahasha, yaani pesa. Kiti cha kushoto kwa Déo hakina mtu. Msemaji wao akazungusha salamu mpaka zikamwishia. Maman alikaa wima, hageuki mlangoni. Mimi nilikuwa nyuma kabisa, nimejiinamia.

Bahati akaingia. Hakumsalimia mtu, akapita katikati ya ukumbi, akakaa kwenye kiti chake.

Msemaji akauliza kama wajomba wamekubali. Déo akasimama, akasema amekubali. Zamu ya Bahati ikafika, akachukua muda, watu wakaanza kukohoa.

"Bon. Mimi na grand frère Déo, tangu jana najua, hatukubalianake," akasema. "Juu ya Neema, tunakubaliana."

Akakaa. Déo alimshika mkono na hakuuachia mpaka mbuzi wanapokelewa. Vigelegele vya Maman nadhani vilisikika mpaka Porte de Namur.

Nilichojifunza ni hiki. Ramani ya uchaguzi inakwambia nani kashinda wapi, haikwambii jirani yako ni nani. Mtu ana mkoa, ana mfuko, ana mke aliyewahi kuugua, na vyote vinaingia naye kwenye chumba cha kura. Chapter nimeiandika upya yote.

Karibuni mnipige mawe, nimestahili. Na mwenye ndugu wa tumbo moja wanaopiga kura tofauti atusimulie wanaishije. Kama hujui ndugu yako anampigia nani, usiende kumuuliza kwa ajili ya uzi huu. Mpe lifti tu siku ikifika.